Kujua wakati wa kuwasha na kuzima kunavyookoa fedha za mkulima Katavi

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

MKULIMA wa Katavi hahitaji kufundishwa maana ya neno mseto. Anapanda mahindi na maharage katika shamba moja, analima tumbaku huku akiwa na mizinga msituni, na pembeni ya nyumba ana kuku. Lakini upo mseto mwingine anaoishi nao kila siku bila kuupa jina, nao ndio mara nyingi unaoamua kama msimu utamlipa au utamwachia deni.

Huo ni mseto wa mambo yanayokwenda taratibu na maamuzi yanayofanyika kwa mara moja. Joto la bani hupanda kidogo kidogo, lakini dirisha la hewa hufunguliwa au hufungwa. Maji ya tangi hushuka polepole, lakini pampu huwashwa au huzimwa. Betri ya sola huishiwa nguvu jioni nzima, lakini taa hukatika ghafla.

Wahandisi wanaita mpangilio wa namna hiyo mfumo mseto. Ni elimu inayofundishwa vyuo vikuu kwa hesabu ngumu, lakini kiini chake kinamhusu yeyote mwenye bani, pampu, sola au mashine ya kutotolesha vifaranga. Anayekielewa hutumia vizuri zaidi kifaa kilekile alichonacho jirani yake.

Gia ya pikipiki

Mfano rahisi ni bodaboda inayotoka Mpanda kwenda Sitalike. Mwendo wake huongezeka bila kuruka: kutoka kilomita 20 kwa saa hadi 40, ni lazima upite katikati. Gia si hivyo. Upo gia ya pili au ya tatu, na hakuna gia ya pili na nusu.

Tena, mkono uleule ukivuta mafuta kiasi kilekile, pikipiki iliyo gia ya kwanza na iliyo gia ya nne hazitafanya jambo moja. Kwa hiyo haitoshi kujua mwendo. Ni lazima ujue pia gia.

Hapo yanatokea maswali matatu ya kila mfumo mseto. La kwanza, ni kitu gani kinachobadilika taratibu? La pili, kwa sasa tupo katika hali gani? La tatu, mpaka wa kutoka hali hii kwenda nyingine uko wapi? Asiyeweza kuyajibu kuhusu bani au mashine yake anafanya kazi kwa kubahatisha.

Bani lina gia tatu

Tumbaku inayokaushwa kwa joto la bomba, ile ambayo wakulima wanaiita tumbaku ya mvuke, ni moja ya mazao makuu ya biashara mkoani Katavi. Mkulima hutunza miche, hulima, hupalilia na kuvuna kwa miezi mingi, kisha zao lote hupita katika bani kwa takriban wiki moja kwa kila mkupuo. Katika wiki hiyo daraja la jani linaweza kupanda au kuporomoka, na kwenye soko la chama cha msingi bei hufuata daraja.

Ukaushaji una hatua kuu tatu. Ya kwanza ni kugeuza jani kuwa njano, joto likiwa kati ya nyuzi 32 na 38 za Sentigredi, madirisha yakiwa yamefungwa ili unyevu usitoke haraka. Wakati huo jani bado lina uhai na linageuza wanga wake kuwa sukari.

Hatua ya pili ni kukausha bapa la jani. Joto hupandishwa taratibu, yapata nyuzi moja kwa saa, hadi kwenye nyuzi 55 hivi, na madirisha hufunguliwa ili mvuke utoke. Hatua ya tatu ni kukausha uti wa jani. Joto hufika karibu nyuzi 70 hivi, na madirisha hufungwa tena kwa kiasi kikubwa kwa kuwa unyevu uliobaki ni mdogo na kuyaacha wazi ni kupoteza kuni bure.

Sasa fikiria kipimajoto kinasoma nyuzi 45. Ufungue madirisha au ufunge? Uongeze kuni au upunguze?

Swali hilo halina jibu mpaka ujue bani liko hatua gani. Kama jani bado lina ukijani, nyuzi 45 ni hatari: limewahishwa, litakufa kabla ya kugeuka, na rangi hiyo ya kijani haitatoka tena. Kama jani limekwisha kuwa njano na linaanza kukauka pembeni, nyuzi 45 ziko mahali pake. Kama bani lilikuwa tayari nyuzi 65 na limeshuka hadi 45, aliyekuwa zamu amelala na jiko limepoa. Kipimajoto kimesoma namba moja, lakini hali ni tatu na kila moja ina dawa yake.

Ndiyo maana hasara nyingi hutokea wakati wa kupokezana zamu. Anayeingia saa 8 usiku anaona namba kwenye kipimajoto lakini hajui hatua. Kipande cha ubao mlangoni mwa bani, kilichoandikwa kwa chaki hatua iliyopo, saa ilipoanza na hali ya madirisha, hakigharimu kitu. Bila ubao huo, hali ya bani imo kichwani mwa mtu mmoja, naye akienda kulala anaondoka nayo.

Jani ndilo linaloamua, si saa

Kosa la pili ni kubadili hatua kwa kuhesabu saa. Mkulima husikia kwamba kugeuza rangi huchukua siku moja na nusu, basi siku moja na nusu ikiisha anaongeza kuni.

Majani hayafanani. Jani la chini ya mche si sawa na la juu. Jani lililonyweshwa mvua nyingi si sawa na lililokulia kwenye ukame wa katikati ya msimu. Jani la shamba lililozidishiwa mbolea ya kukuzia huchelewa kugeuka njano. Mpaka wa kuvuka kutoka hatua ya kwanza kwenda ya pili ni dalili za jani lenyewe: limekuwa njano na limenyauka, halisimami tena likishikwa. Saa ni ya kukukumbusha kwenda kuangalia.

Ukiwahi kuvuka, jani linabaki na kijani. Ukivuka kwa wakati lakini ukapandisha joto kwa pupa wakati jani bado lina maji mengi, linaungua na kuwa na rangi ya kahawia. Ukichelewa, linaendelea kujila na kupoteza uzito. Makosa yote matatu ni ya mpaka: kuuvuka mapema, kuuvuka kwa kishindo na kuuvuka kwa kuchelewa.

Kuna jambo moja zaidi. Mfumo huu haurudi nyuma. Ukikosea gia ya pikipiki unaweza kurudi ya chini, lakini jani lililokufa likiwa kijani halirudishwi kwenye hatua ya kwanza. Pale ambapo mpaka hauvukwi mara mbili, mtu huangalia mara nyingi zaidi kabla ya kuuvuka.

Pampu: maji yaleyale, mota mbili tofauti

Tuhame sasa kutoka tumbaku kwenda bustani ya mboga wakati wa kiangazi, ambako mkulima ana kisima, pampu ya umeme na tangi lenye swichi ya boya. Hapa hali ni mbili tu: pampu inafanya kazi au imezimwa.

Mtu anaweza kudhani swichi bora ni ile inayolifanya tangi libaki limejaa muda wote: maji yakipungua kidogo tu, pampu iwake, yakirudi, izime. Hesabu inaonyesha vingine.

Tuchukue pampu inayoingiza lita 2,000 kwa saa na matumizi ya lita 500 kwa saa. Pampu ikifanya kazi, tangi huongezeka lita 1,500 kwa saa. Ikizimwa, tangi hupungua lita 500 kwa saa.

Kama boya limefungwa ili pampu iwake maji yakipungua lita 50 tu, pampu itafanya kazi dakika 2 na kupumzika dakika 6. Mzunguko mzima ni dakika 8, na kwa saa 12 za mchana mota itawashwa mara 90.

Kama kamba ya boya imerefushwa ili pampu iwake maji yakipungua lita 2,500, itafanya kazi saa 1 na dakika 40, kisha itapumzika saa 5. Kwa saa 12 itawashwa mara mbili hivi.

Mahitaji ya maji ni yaleyale, lita 6,000 kwa mchana mzima. Tofauti iko kwenye mota. Kila inapowashwa, mota ya kawaida ya umeme huvuta kwa muda mfupi mkondo unaofikia mara tano hadi saba ya ule wa kazi ya kawaida, na waya zake hupata joto. Mota inayoamshwa mara 90 kwa siku inazeeka upesi, na swichi yake inaungua midomo. Mwenyewe atasema amenunua pampu mbovu, kumbe tatizo ni urefu wa kamba ya boya.

Wahandisi wanaita ugonjwa huo kutapatapa kwa swichi, na dawa yake ni pengo: mahali pa kuwashia pasiwe mahali pa kuzimia. Hata hivyo, pengo nalo lisizidi. Ukiliacha tangi liishe kabisa ndipo pampu iwake, siku umeme utakapokatika saa hiyohiyo huna hata ndoo moja ya akiba. Pengo zuri linaipumzisha mota na bado linakuachia maji ya kutosha kusubiri fundi au umeme.

Betri ina moto lakini taa haziwaki

Pengo hilohilo ndilo linalozusha ugomvi kati ya wauza vifaa vya sola na wateja wao. Mteja analalamika kwamba betri ina moto, kipimo kinaonyesha volti 12, lakini kontrola imekata taa na haitaki kurudisha. Juzi, kwa volti zilezile 12, taa zilikuwa zinawaka.

Kontrola haijaharibika. Nyingi ndogo za betri za asidi za volti 12 hupangwa kukata matumizi betri ikishuka hadi karibu volti 11.1, na kurudisha ikishapanda hadi karibu 12.6. Kati ya namba hizo mbili kontrola inaiacha hali ilivyo: kama taa zilikuwa zinawaka, ziendelee, kama zilikatwa, zisubiri jua.

Sababu ni kwamba betri iliyochoka, ikipunguziwa mzigo, volti zake hupanda zenyewe bila kuongezewa chochote. Kama mpaka ungekuwa mmoja, kontrola ingekata taa, volti zingepanda, ingewasha tena, volti zingeshuka, ingekata. Usiku mzima taa zingepepesa, na betri ingekamuliwa hadi tone la mwisho.

Wapo wanaokata shauri la kuunga waya moja kwa moja kwenye betri ili waiepuke kontrola. Jioni hiyo watapata mwanga, lakini betri ya asidi inayomalizwa mara kwa mara hufa mapema. Aliyetaka kuokoa saa mbili za taa atajikuta dukani akinunua betri nyingine.

Joto halisimami ukiamuru

Pengo peke yake halitoshi. Vitu vinavyokwenda taratibu vina tabia nyingine: vinachelewa kutii.

Bani la matofali ni mfano mzuri. Ukiziba hewa ya jiko kipimajoto kinaposoma nyuzi 38, joto halitaishia hapo. Makaa bado ni mekundu, bomba bado ni la moto, na kuta zimebeba joto la saa nyingi. Kipimajoto kitaendelea kupanda. Ndivyo ilivyo hata wakati wa kuongeza: kuni zilizotiwa sasa zitasikika kwenye majani baadaye.

Mkaushaji mzoefu hasubiri namba anayoitaka. Anafunga hewa kabla ya kufika, kwa kuwa anajua bani lake huongeza nyuzi ngapi baada ya jiko kuzibwa. Asiye na uzoefu huo anaweza kuupima: kabla ya msimu, au katika bani la kwanza, azibe hewa ya jiko, aandike joto la wakati huo, kisha aandike tena kila baada ya dakika 10 mpaka lisimame. Tofauti ya namba ya kwanza na ya mwisho ndiyo kiasi cha kuwahi. Kila bani lina namba yake, na bani la jirani halikusaidii.

Faida yake inaonekana pia kwenye kuni. Anayengoja joto lipite kiasi ndipo afungue madirisha alishushe, kisha likishuka mno atie magogo, anachoma miti ya miombo ili aipeleke angani.

Kifaranga hana msamaha

Somo lote hili linakutana katika mashine ya kutotolesha vifaranga. Yai la kuku huchukua siku 21. Katika mashine yenye feni, joto linalotakiwa ni karibu nyuzi 37.5, na pengo la kuwasha na kuzima ni dogo sana, sehemu tu ya nyuzi moja. Kifaranga huvumilia baridi ya muda mfupi kuliko anavyovumilia joto lililozidi.

Hapa napo zipo hatua, na mpaka wake ni siku. Kuanzia siku ya 1 hadi ya 18 mayai hugeuzwa mara kwa mara na unyevu huwa wa wastani, yapata asilimia 50 hadi 55. Kuanzia siku ya 19 mayai hayageuzwi tena na unyevu hupandishwa hadi karibu asilimia 65 au zaidi, ili ngozi ya ndani ya yai isikauke na kumnasa kifaranga anapotoboa. Anayeendelea kugeuza baada ya siku ya 18 kwa kuwa mashine ina mota ya kugeuzia amesahau kubadili gia.

Ipo pia hali ambayo maelekezo mengi ya mashine huiruka: umeme umekatika. Mfugaji aipange kabla haijatokea. Siku za mwanzo yai halina joto lake lenyewe, hivyo mashine ifungwe na kufunikwa kwa blanketi. Siku za mwisho kifaranga aliye ndani anatoa joto na anahitaji hewa, hivyo kuziba matundu yote kunaweza kumuua kuliko baridi yenyewe. Umeme ni uleule uliokatika, lakini hatua ikiwa nyingine, dawa nayo ni nyingine.

Jambo la mwisho ni kinga. Swichi ndogo ya ndani ya mashine ikigandana ikiwa imewasha, joto litapanda bila kikomo na mayai yote yatapikwa usiku mmoja. Kwa mwenye mayai mengi, thamostati ya pili iliyowekwa juu kidogo, kwa mfano nyuzi 38.5, ambayo kazi yake ni kukata umeme tu, ni bei ndogo kuliko trei chache za mayai.

Mabomba mawili, mpira mmoja

Mpaka hapa inaweza kuonekana kwamba ukijua kubadili kwa wakati, kila kitu kitakwenda. Si kweli. Upo upungufu usiotibiwa na kubadili, na mkulima anaweza kuutambua mapema.

Tuseme mtu ana matangi mawili na mpira mmoja wa maji unaotoa lita 1,000 kwa saa. Kila tangi linatumika lita 600 kwa saa, na mwanzoni kila moja lina lita 500. Anaelekeza mpira tangi la kwanza. La pili likikaribia kuisha, anauhamishia huko. La kwanza likikaribia kuisha, anaurudisha.

Atauhamisha mara ya kwanza baada ya dakika 50. Mara ya pili baada ya dakika 83. Kisha dakika 56, halafu 37, 25, 16, 11, 7 na 5. Anaanza kutembea, mwishowe anakimbia. Ikifika saa ya tano tangu aanze, matangi yote mawili ni makavu, hata angekuwa na swichi ya kompyuta badala ya miguu yake.

Sababu iko wazi ukijumlisha: matumizi ni lita 1,200 kwa saa na kinachoingia ni 1,000. Kila saa zinapungua lita 200, na lita 1,000 za akiba zinakwisha kwa saa 5. Kuhamisha mpira kulificha upungufu huo, hakukuongeza maji.

Kwa hiyo kazi ya kubadili ikizidi kuwa ya haraka, usitafute kijana mwenye mbio. Kaa chini ujumlishe. Kanuni hiyo inafaa hata kwa mfanyabiashara mwenye mtaji mmoja na maduka mawili, anayehamisha fedha za duka hili kuziba pengo la lile. Siku za kuhamisha zikianza kukaribiana, ujue matumizi ya maduka yote mawili yamezidi mapato yake.

Kutoka yai hadi jenereta

Wazo la swichi inayofuata joto lina historia ndefu, na limeanzia kwa kuku. Mwanzoni mwa karne ya 17, Mholanzi Cornelis Drebbel alitengeneza jiko la kutotoleshea mayai lililojirekebisha lenyewe: kimiminika kilichotanuka kwa joto kilisukuma zebaki, nayo ikapunguza hewa iliyoingia kwenye moto. Zamani zaidi, Wamisri walitotolesha mayai kwa wingi katika majiko ya udongo, mkono wa binadamu ukiwa ndio swichi.

Hesabu za mifumo mseto ni za karibuni. Mwaka 1966 Hans Witsenhausen alichapisha makala juu ya mifumo inayochanganya hali zinazoruka na hali zinazotiririka. Katika miaka ya 1990 Rajeev Alur, Thomas Henzinger na wenzao wakaweka namna ya kuichora: kila hali ni duara, ndani yake imeandikwa jinsi mambo yanavyobadilika, na mishale kati ya maduara imeandikwa masharti ya kuvuka. Leo michoro ya aina hiyo hutumika kuchunguza mitambo ya ndege, magari na vifaa vya hospitali kabla ya kuundwa.

Mpanda yenyewe imeishi na mfumo wa namna hiyo. Kwa miaka mingi mji huo, ambao mwaka 2012 ulikuwa makao makuu ya mkoa mpya wa Katavi uliomegwa kutoka Rukwa, ulipata umeme kutoka majenereta ya dizeli ya TANESCO, mbali na gridi ya taifa. Matumizi ya mji hupanda na kushuka taratibu, lakini jenereta huongezwa moja nzima au hupunguzwa moja nzima.

Kanuni yake ni ileile ya boya. Kwa mfano, penye mashine za kilowati 1,000 kila moja, ya pili inaweza kuwashwa mzigo ukifika 850 na kuzimwa ukishuka chini ya 650. Mpaka ukiwa mmoja, mashine itawashwa na kuzimwa jioni nzima na dizeli itaishia kwenye kuamsha injini.

Kabla ya kununua au kuwasha

Mkulima anaweza kuchora michoro hiyo kwenye daftari la shule. Duara tatu za bani, mbili za pampu, tatu za mashine ya vifaranga pamoja na ile ya umeme kukatika. Kwenye kila mshale aandike dalili inayomruhusu kuvuka. Mshale usio na maandishi ndio utakaomletea hasara.

Kwa anayekwenda dukani au anayejiandaa kwa msimu, maswali ya kuuliza ni haya:

Moja, kifaa kinawasha kwenye namba gani na kinazima kwenye namba gani? Muuzaji akitaja namba moja tu, muulize tena. Kama pengo haliwezi kurekebishwa, hakikisha linafaa kwa kazi yako.

Mbili, kikiambiwa kizime, kitu chenyewe kitaendelea kupanda au kushuka kwa kiasi gani? Hili muuzaji hawezi kulijibu. Utalipima wewe kwenye bani, tangi au sanduku lako.

Tatu, umeme au moto ukikatika na kurudi, kifaa kitarudi kwenye hali gani? Mashine nyingine huanza siku ya kwanza upya, na yai la siku ya 19 likaanza kugeuzwa tena.

Nne, swichi ikigandana, nini kitazuia hasara? Kama jibu ni hakuna, tenga fedha ya kinga kabla ya kununua mashine kubwa zaidi.

Tano, je, kinachoingia kinatosha kinachotoka? Jumlisha lita, kilowati au shilingi za siku nzima. Kama hesabu haifungi, acha kwanza habari ya swichi, tafuta kisima cha pili au punguza eneo la bustani.

Maswali hayo hayahitaji mtaalamu kutoka mbali. Yanahitaji kipimajoto kizuri, saa, kalamu, na mtu aliye tayari kuandika alichokiona kabla ya kwenda kulala.